Mchezo wa Kuzamia na Kazi ya Kuzamia

Wewe wa Mikindani au Msimbati, huenda utotoni ulitupa jiwe jeupe majini, ukazamia kuliokota. Katika mabwawa ya kuogelea watoto hutupiwa pete za plastiki zizamazo. Wakizifuata hujifunza kufumbua macho majini na kuzuia pumzi. Mtoto akichoka, hutoka.

Sasa sikiliza. Katika karne ya 19 watu wengi wa kusini huku na wa bara walipitishwa Kilwa na Mikindani, wakauzwa utumwani. Wengine walivushwa kwa majahazi hadi Ghuba ya Uajemi, na huko baadhi yao walizamishwa kutafuta chaza wenye lulu. Mzamiaji alijibana pua kwa kibanio cha pembe, akashuka na jiwe zito mguuni na kikapu shingoni. Pumzi yake ilikuwa ya dakika moja hivi. Alipotikisa kamba, mwenziwe alimvuta juu. Akapumua, akashuka tena, mchana kutwa, miezi yote ya joto. Malipo alichukua bwana wake.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Lakini waliokwisha kufika Ghuba waliendelea kuzamia. Vizazi vyao wako huko hata leo.

Haya, andika daftarini: chaza, lulu, kibanio.