Masuuli ni Nani?

Kijana mmoja, mpangaji wa Ngamiani jijini Tanga, alininyooshea simu yake. Alikuwa amenunua umeme wa shilingi 5,000, na katika ujumbe uliomletea tarakimu za kuingiza kwenye mita palikuwa na makato ya shilingi 1,500: kodi ya jengo.

"Kaka," akasema, "kodi si nimeshampa mwenye nyumba, miezi sita kwa mkupuo? Hii kodi nyingine ya nini?"

Nilimweleza nilichokijua. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia mita za umeme za LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Nyumba ya ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Anayedaiwa ni mwenye jengo, lakini mita haimjui mwenye jengo, inamjua anayenunua umeme. Mpangaji aliyekatwa huambiwa akamalizane na mwenye nyumba wake. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilikuwa nimemweleza sawasawa, na bado sikuwa nimemjibu.

Alikuwa amejikwaa kwenye neno. Kiswahili kimewapa mwenye nyumba na serikali neno moja la kudaia. Mpangaji hulipa kodi na mwenye jengo hulipa kodi, ila kitenzi kukodi kimebaki upande mmoja tu: tunakodi chumba, tunakodi baiskeli, tunakodi maturubai ya harusi. Hakuna anayesema amekodi taa ya barabarani. Ingekuwa tunasema hivyo, huenda mambo yangenyooka. Bati likivuja, mpangaji humgongea mwenye nyumba asubuhi na mapema bila haya, kwa kuwa kodi amelipa. Taa ya mtaani ikizimika mwaka mzima, mlipakodi yuleyule hununua tochi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya fedha za mji kama mtu anayegonga tikiti maji sokoni, kujua lipi limeiva na lipi ni maji matupu.

Nianze na mji wenyewe. Tanga ni jiji dogo, na hapo tayari sarufi inalalamika. Mzizi ni -ji: kijiji, mji, jiji. Hilo ji- la mwanzo ni la ukuzi, ndilo linalomgeuza mtu kuwa jitu. Jiji dogo, basi, ni kama jitu fupi. Lakini ndivyo Tanga ilivyo. Ni mojawapo ya majiji sita ya Tanzania Bara, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu chini ya laki nne, wachache kuliko katika majiji mengine matano. Cheo ni cha ukubwa, mfuko ni wa kadiri. Halmashauri inatakiwa kuwa na barabara za jiji, dampo la jiji na soko la jiji, kwa fedha za wafanyabiashara wa mji ambao wengi wao baiskeli zinawatosha.

Mfuko huo unajazwa na nani? Hapa maneno yanasema mengi kuliko vitabu vya hesabu. Tozo limetokana na kutoza, na kutoza ni kumfanya mtu atoe. Ukilisikia neno, umeshausikia mkono wa pili ukivuta. Ndiyo maana mwaka 2021, zilipoanza tozo za miamala ya simu, hakuna aliyehitaji kamusi. Ushuru ni mzee zaidi. Katika Kiarabu lilikotoka ni sehemu ya kumi, ndugu wa ashara. Leo ushuru wa huduma unaolipwa na wafanyabiashara kwa halmashauri haufiki hata asilimia moja ya mauzo ghafi. Jina limebaki na kumi yake, kiwango kimekwenda kwingine. Ajabu ni kwamba ile kumi imerudi kwa mlango wa nyuma. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mitaani mikopo hiyo inaitwa tu "asilimia kumi". Fungu la kumi sasa linatoka kwenye halmashauri kuelekea kwa watu.

Kisha kuna ruzuku, fedha inayoshuka kutoka Serikali Kuu, ambayo kwa halmashauri nyingi ndiyo inayobeba mishahara na sehemu kubwa ya miradi. Ruzuku na riziki ni mapacha, mzizi wao mmoja. Mtu aliyeruzukiwa amepewa na Mungu, na aliyepewa na Mungu hushukuru. Hadai risiti wala haulizi kwa nini safari hii imechelewa. Sidhani aliyeliteua neno hili alikusudia hivyo. Lakini sikiliza hotuba za ufunguzi wa madarasa na zahanati, uhesabu shukrani zinazopelekwa juu, kisha uhesabu zinazopelekwa kwa mama lishe anayelipa ushuru. Ruzuku imetoka kwenye kodi ya mama huyo huyo, ikapanda hadi Hazina, ikashuka. Huko juu ilibadilishwa jina tu.

Fedha ambayo haijaja huitwa makisio au makadirio. Makisio ni neno la unyenyekevu: tunakisia, tunaweza kukosea. Makadirio lina uzito zaidi, kwa kuwa limetoka kwenye kadiri, na kadiri ni ndugu wa kadari, ile iliyoandikwa. Mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, makadirio ya halmashauri yanasomeka kama kadari. Unapomalizika tarehe 30 Juni, mengine yamegeuka makisio. Na kadiri hiyo hiyo imejificha kwenye jina la mita ya ukutani kwetu. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, sentensi kamili ya Kiswahili safi, yenye amri, kipimo na sababu. Midomo yetu imeila sentensi ikabakiza punje: luku imeisha, niazime luku. Vijana wameleta luku yao nyingine kabisa, ya mavazi, na mtu anaweza kuwa na luku kali huku nyumbani luku imekatika. Kilichopotea katika kufupisha ni ile kadiri. Kodi ya jengo ilipopachikwa humo, jina lilianza kusema uongo kidogo, kwani 1,500 ile haikatwi kadiri ya unavyotumia. Hukatwa hata kama umelala gizani mwezi mzima, ikikusubiri kwenye manunuzi yajayo.

Fedha ikishakadiriwa, hugawanywa. Neno la kugawia ni fungu, na sijui neno la serikali lenye harufu nzuri kuliko hilo. Fungu ni nyanya tano zilizopangwa juu ya gunia. Fungu ni samaki wa soko la Deep Sea waliotengwa kwa bei moja, wakubwa juu, wadogo chini. Kwa nahodha fungu ni kilima cha mchanga ndani ya bahari, kinachofunikwa maji yakijaa na kukwamisha chombo yakitoka. Maana zote tatu zinafaa katika bajeti. Chini ya fungu kuna kasma, neno la Kiarabu la mgawo, ndugu wa kukasimu na wa kismati. Kasma ya dawa ikitoka ndogo, watu husema ni bahati mbaya, na kwa upande wa mizizi ya maneno hawajakosea sana.

Lakini umeme na maji ya halmashauri yenyewe yako wapi? Watu husahau kwamba mji nao ni mteja. Ofisi zina mita, zahanati ina friji ya chanjo, soko lina bomba na barabara ina taa. Nenda ukatafute kwenye vitabu, utaelekezwa kwenye matumizi mengineyo. Nalipenda neno hili kwa uvivu wake. Kuna mishahara, kuna maendeleo, halafu kuna mengineyo, na hicho -yo cha mwisho ni kama mkono unaopunga, "hayo mengine, unayajua mwenyewe." Humo wamebanana umeme, maji, simu, mafuta ya magari na karatasi, yaani vile vitu ambavyo vikikosekana wiki moja, mishahara na maendeleo havina pa kukaa. Fedha ikipungua katikati ya mwaka, kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na jina lake. Mji ambao ungeandika "umeme wa taa za barabarani" katika mstari wake wenyewe, kwa herufi kubwa, ungekuwa umejifunga kwa mdomo wake: mstari wenye jina ukifutwa, mtu huona.

Upande wa maji kuna maneno mawili ya karatasi moja. Mlangoni tunasema bili. Juu ya karatasi pameandikwa ankara. Watoto wa shule huchanganya na mji mkuu wa Uturuki, nami siwalaumu. Chombo kinachopima ni mita kwetu na dira kwa mamlaka ya maji. Baharini dira humwonyesha nahodha aendako. Ukutani huonyesha tulikotoka, lita zilizokwisha pita. Lakini ankara ya Tanga haihesabu maji peke yake. Maji ya Mto Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani, yakasukumwa kwa pampu hadi mtambo wa kuyasafisha, na pampu hula umeme. Kila ndoo ina uniti zake ndani. Anayeacha bomba likidondoka usiku kucha anaacha na taa ikiwaka mahali asipopaona.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilituletea neno jipya sokoni. Badala ya kungoja riziki ishuke, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatifungani ni neno lililoundwa kwa busara: hati inayofunga. Mkopo unaweza kusahaulika kati ya ndugu, ila fungo halisahauliki, linabana pande zote mbili. Na kwa mara ya kwanza neno la fedha za mji huu limebeba tarehe iliyo mbali kuliko muhula wa kiongozi yeyote. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo atakuwa darasani mwaka 2034 fungo litakapofunguliwa, na maji anayokunywa yatakuwa sehemu ya malipo.

Wanaopitisha makadirio ya halmashauri ni madiwani. Hapa mpenda maneno hupiga magoti. Diwani ya kwanza ilikuwa daftari: inasimuliwa kwamba Khalifa Umar alianzisha diwani ili kuandika nani anastahili kulipwa nini. Daftari likawa ofisi, ofisi ikawa baraza, na mtu wa baraza akaitwa diwani. Njia nyingine ikaenda kwa washairi, nao wakaita diwani kitabu kinachokusanya tungo zao. Wakenya walikuwa na madiwani hadi uchaguzi wa 2013, kisha wakapata wawakilishi wadi, jina linaloeleweka upesi ila halina daftari ndani yake. Diwani wetu anayesinzia wakati kabrasha la mapato linasomwa amesinzia juu ya jina lake mwenyewe.

Ushairi na hesabu hukutana tena kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza. Umetuzalia sarafu, inayogeuzwa kuwa bidhaa. Sarufi, kanuni za kuyageuza maneno. Na masurufu, fedha anayopewa mtumishi kwa safari au kazi, ambayo akirudi anatakiwa aieleze. Masurufu yasiyorejeshwa ni miongoni mwa hoja zinazojirudia katika ukaguzi wa halmashauri. Ni sentensi iliyoanzwa ikaachwa bila kitenzi.

Mkaguzi akimaliza, hutoa hati. Kitaalamu ipo inayoridhisha na ipo yenye shaka; mitaani kuna safi na chafu, kama nguo. Hapo neno la mitaani limetukosesha. Hati safi husema kwamba vitabu vinaonyesha kwa haki kilichotokea. Haisemi kwamba kilichotokea kilikuwa chema. Halmashauri inaweza kuandika vizuri sana, kwa tarehe na stakabadhi, jinsi ilivyonunua kitu kisichohitajika. Tunapigia vigelegele mwandiko tukidhani tunapigia vigelegele insha.

Nimeliacha neno moja hadi sasa. Mkurugenzi wa halmashauri ana cheo cha pili ambacho watu wachache nje ya ofisi hukitamka: afisa masuuli. Ukilisikia haraka unadhani ni afisa wa mambo fulani mazito. Lakini masuuli ni ndugu wa swali na suala. Kwa Kiarabu ni aulizwaye. Katika orodha yote ya maneno haya, yenye kutoza, kuruzuku, kukisia, kukasimu na kufunga, hili pekee halimtaji anayetoa wala anayepokea. Linamtaja mtu kwa swali ambalo atalijibu. Na kwa kuwa cheo kimeundwa kwa swali, bila muulizaji kinabaki cheo nusu, kama mlinda mlango katika uwanja usio na mpinzani.

Nilimtafuta yule kijana wa Ngamiani wiki iliyofuata. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilimpa historia ya makato wakati yeye alikuwa amefanya kazi kubwa zaidi. Nikamkuta barazani anapiga pasi ya mkaa.

"Mwenye nyumba karudisha?" nikamuuliza.

"Kakubali kuikata kwenye kodi ijayo," akasema. "Sasa nataka kujua ile 1,500 inakwenda wapi. Nimuulize nani?"

Nikamwandikia neno kwenye kipande cha karatasi. Alilisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, akalikunja na kulitia mfukoni mwa shati alilokuwa amemaliza kulipiga pasi.