Kichakataji na Kadi ya Michoro: Historia ya Ushirika Wao katika Michezo ya Kompyuta

I. Maana ya Swali

Wachezaji wa michezo ya kompyuta wamezoea kuuliza: kati ya kichakataji na kadi ya michoro, ni kipi kiupacho mchezo kasi yake? Swali hili huulizwa kana kwamba lina jibu moja lililo kweli siku zote. Historia ya vyombo hivi viwili tangu mwaka 1993 yaonyesha kwamba halina. Mzigo wa kazi umehama mara kwa mara kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na kila ulipohama, ushauri wa kununua uliokuwa sahihi jana uligeuka kuwa hasara. Makala haya yakusudia kueleza kuhama huko, na kutaja lile jambo moja lisilobadilika.

Kwanza yafaa kazi za vyombo hivyo zitenganishwe. Mchezo huonekana kwenda kwa sababu skrini huonyesha picha nyingi zilizo tuli, moja baada ya nyingine, kwa haraka kuliko jicho liwezavyo kuzitenga. Kwa kila picha kichakataji hufanya hesabu ya mambo yaliyotukia: nani amekwenda wapi, risasi imempata nani, ukuta umeangukaje. Kisha huiandikia kadi maagizo ya vitu vinavyopasa kuchorwa. Kadi huyapokea maagizo, ikazitia rangi nukta za skrini. Nayo kadi inapoichora picha hii, kichakataji huwa kimekwisha kuanza hesabu za picha ifuatayo.

Mfano wao ni wa seremala na mchonga nakshi watengenezao milango katika karakana moja. Seremala akiunda milango minne kwa siku, na mwenziwe akachonga miwili, milango itakayotoka ni miwili. Na kumwongezea seremala misumeno hakutaongeza hata mmoja. Vivyo hivyo, ikiwa kila picha ya mchezo humaliza milisekunde 8 za kichakataji na milisekunde 14 za kadi, picha hutoka kila baada ya milisekunde 14, yaani picha 71 kwa sekunde. Mwenye kompyuta akinunua kadi yenye kasi maradufu, kazi yake itashuka hata milisekunde 7. Lakini picha hazitafika 142, bali 125, maana sasa anayengojewa ni kichakataji. Akinunua kadi ya tatu iliyo bora kuliko hiyo, hatapata picha hata moja ya ziada. Gene Amdahl alieleza jambo la jamii hii mwaka 1967 juu ya kompyuta zenye vichakataji vingi: sehemu ya kazi isiyoharakishwa ndiyo iwekayo mpaka wa faida.

II. Zama za Kichakataji

Mchezo wa Doom ulitolewa na kampuni ya id Software mwezi wa Desemba 1993. Picha yake ilikuwa na nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu, jumla nukta 64,000, nazo picha hazikuzidi 35 kwa sekunde. Kila rangi ya kila nukta ilitafutwa na kichakataji chenyewe. Kadi, katika mchezo huu, haikuchora kitu. Ilihifadhi rangi ilizopewa na kuzionyesha. Hata hivyo, ushirika wa vyombo hivi ulikwisha kuwa na uzito wake. Rangi zilipelekwa kwenye kumbukumbu ya kadi kwa njia ya data, na njia ya zamani iitwayo ISA ilikuwa finyu. Mtu aliyekuwa na kichakataji chema cha 486 na kadi ya njia hiyo alimfanya seremala mwepesi apitishe milango katika tundu. Njia mpya za mwaka 1992, VESA Local Bus na PCI, zilikuja kuiondoa kero hiyo.

Funzo kubwa zaidi lilikuja na mchezo wa Quake, uliotolewa na kampuni hiyo hiyo mwezi wa Juni 1996. Katika Quake ulimwengu wote ulijengwa kwa pembetatu na pande bapa zenye vina vya kweli, na ili nakshi za ukuta zisipinde machoni, ilipasa kugawanya namba zenye desimali tena na tena. Kugawanya ni kazi nzito. John Carmack na Michael Abrash walitumia hila: mgawanyo ulifanywa mara moja kwa kila nukta 16, tena katika kile kitengo cha Pentium kishughulikiacho desimali, huku kitengo cha namba kamili kikiendelea kutia rangi nukta zilizotangulia. Kazi mbili zilikwenda sambamba katika kichakataji kimoja, na ule mgawanyo ukawa kama umepatikana bure.

Hila hiyo iliwaumiza watu ambao hawakuwa na kosa. Wakati ule kampuni ya Cyrix iliuza kichakataji cha 6x86, nacho kilipewa jina kwa kulinganishwa na Pentium. Kile kilichoitwa P166+ kilikwenda kwa megahezi 133, lakini jina lake lilidai kwamba chalingana na Pentium ya megahezi 166 au chaipita. Dai hilo halikuwa uongo, kwani lilipimwa kwa programu za ofisini, ambazo kazi yake ni ya namba kamili. Katika Quake mambo yaligeuka. Kitengo cha desimali cha 6x86 kilikuwa dhaifu kuliko cha Pentium, wala hakikuweza kugawanya na kutia rangi kwa ule usambamba ambao programu iliutegemea. Basi mnunuzi aliyesoma namba juu ya sanduku akaiamini, alikuta mchezo wake ukikokota miguu, ilhali jirani mwenye Pentium ya namba iyo hiyo akienda vyema. Kipimo kilikuwa sahihi. Bali kilipima kazi nyingine.

III. Kadi Yaanza Kuchora

Mwishoni mwa mwaka 1996 zilianza kuuzwa kadi zenye chipu za Voodoo Graphics za kampuni ya 3dfx. Kadi hii ilikuwa ya ajabu kwa kuwa haikuweza kuonyesha hata maandishi ya kawaida. Ilihitaji kadi nyingine kando yake, na waya wa kuziunganisha. Kazi yake ilikuwa moja tu: kujaza pembetatu kwa nakshi na rangi. Mwezi wa Januari 1997 id Software ikatoa GLQuake, na mchezo uleule uliokuwa ukikielemea kichakataji katika nukta 320 kwa 200 ukaonekana laini katika nukta 640 kwa 480, ambazo ni 307,200, karibu mara tano ya zile za kwanza.

Wengi walidhani kwamba tangu siku hiyo kichakataji hakina maana tena. Haikuwa hivyo. Voodoo ilijaza pembetatu, lakini haikujua pembetatu ziko wapi. Kuzizungusha, kuzisogeza na kuzipimia mwanga, kazi hizo zote zilibaki kwa kichakataji. Mwaka 1998 ilipokuja Voodoo2, yenye kasi zaidi, ukweli huo ulidhihirika. Mwenye kichakataji kipya cha Pentium II alipata faida kubwa. Mwenye Pentium ya zamani alilipa fedha ileile akapata nyongeza ndogo, maana kadi yake ilikaa ikingoja pembetatu ambazo hazijafika. Mchonga nakshi mpya alikuwa hodari. Milango ndiyo iliyokuwa haipo.

Mwaka uo huo wa 1998 AMD ilitoa kichakataji cha K6-2, chenye maagizo mapya yaliyoitwa 3DNow!, yaliyokusudiwa kuharakisha hesabu za desimali. Programu endeshi na michezo iliyoandikwa upya kuyatumia maagizo hayo ilipata nguvu. Isiyoandikwa upya ilibaki ilivyokuwa. Hapa lazuka jambo ambalo majedwali ya wauzaji husahau: ushirika huu una mtu wa tatu, naye ni mwandishi wa programu.

IV. Gurudumu

Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ilitoa GeForce 256. Kadi hii ilizichukua kazi za kuzisogeza pembetatu na kuzipimia mwanga, ambazo mpaka hapo kichakataji kilikuwa nazo katika kompyuta za nyumbani. Quake III Arena, iliyotolewa Desemba mwaka huo, iliweza kuutumia uwezo huo; michezo mingi mingine ya wakati ule haikuwa imeandikwa kwa ajili yake, na wenye kadi hiyo walingoja. 3dfx ilitoa Voodoo5 mwaka 2000 bila ya uwezo huo. Mwezi wa Desemba mwaka huo ilikubali kuuza sehemu kubwa ya mali yake kwa Nvidia. Sababu zake zilikuwa nyingi, wala haifai kulitupia jambo hili moja lawama yote.

Mwendo huu wa kuhamisha kazi ulikwisha kuonwa miaka mingi nyuma. Mwaka 1968 T. H. Myer na Ivan Sutherland waliandika juu ya kuunda chombo cha kuendesha skrini. Walieleza jinsi walivyokiongezea chombo chao uwezo huu, kisha ule, mpaka kikawa kompyuta kamili, nacho kikataka kupewa chombo kingine cha kukisaidia. Waliufananisha mwendo huo na gurudumu la kuzaliwa upya. Kadi za michoro zimelizungusha gurudumu hilo mbele ya macho ya watu: mwaka 2001 zilianza kupokea programu fupi za mwandishi wa mchezo, na kufikia mwaka 2007 Nvidia ilitoa CUDA, iliyowawezesha watu kuziagiza kadi zake hesabu zisizohusu michoro kabisa.

V. Kichakataji Charudi

Kadi zilipoendelea kukua, kichakataji kilikutana na ukuta. Mwendo wa Pentium 4 ulikomea gigahezi 3.8, kwa sababu ya joto na umeme. Mwaka 2005 watengenezaji wakaanza kuuza kwa wingi vichakataji vyenye viini viwili badala ya kimoja chenye mbio. Lakini kazi ya kuiandikia kadi maagizo, kwa utaratibu wa programu za wakati ule, ilikuwa ikibebwa zaidi na kiini kimoja. Mji wa mchezo ulipojaa vitu maelfu, kila kimoja kikihitaji agizo lake, kiini hicho kilichoka huku wenzake wakiwa hawana kazi, na kadi ya bei kubwa ikapunga hewa.

Dawa yake ilianza na Mantle, utaratibu uliotangazwa na AMD mwaka 2013. Ukafuata DirectX 12 wa Microsoft mwaka 2015, na Vulkan wa jumuiya ya Khronos mwezi wa Februari 2016, uliojengwa juu ya msingi wa Mantle. Katika taratibu hizi viini vingi vyaweza kuandaa maagizo kwa pamoja, na kila agizo hugharimu kazi ndogo zaidi. Kompyuta ileile, isiyobadilishwa hata parafujo, yaweza kupata mizani nyingine kwa kubadilishiwa utaratibu tu.

Upimaji nao ulibadilika. Mwezi wa Septemba 2011 Scott Wasson wa jarida la The Tech Report alionyesha kwamba wastani wa picha kwa sekunde huficha aibu. Kompyuta mbili zaweza kuwa na wastani mmoja, lakini moja ikatoa picha kwa mpango na nyingine ikakwama mara kwa mara. Kukwama huko hutokana na kadi pengine, na pengine na kichakataji. Lililo hakika ni kwamba jicho huhisi ile picha moja iliyochelewa, wala halihisi wastani.

Kisha mwezi wa Aprili 2022 hadithi ya Cyrix ikarudi ikiwa imepinduliwa. AMD iliuza Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8 na megabaiti 96 za kumbukumbu ya ngazi ya tatu iliyo ndani ya kichakataji, sehemu yake ikiwa imepandishwa juu kama ghorofa. Kasi yake ya juu ilikuwa gigahezi 4.5, chini ya 4.7 za ndugu yake 5800X. Aliyesoma namba hiyo peke yake angekiacha. Katika michezo mingi, hata hivyo, kilimpita ndugu yake, kwa sababu data za mchezo zilikaa karibu, na kichakataji hakikulazimika kuzingoja kutoka mbali. Mwaka 1996 namba ya sandukuni ilidai zaidi ya kile mchezo ulichopata. Mwaka 2022 ilidai pungufu.

VI. Hitimisho

Yaliyotajwa yatosha kuonyesha kwa nini hakuna jedwali la kudumu la kuozesha kichakataji hiki na kadi ile. Mizani hutegemea mchezo, utaratibu wa programu, na skrini. Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 3,840 kwa 2,160 ina 8,294,400, mara nne kamili. Nyongeza hiyo huielemea kadi, ilhali hesabu za kichakataji hubaki karibu zilezile. Kwa hiyo vyombo vilevile viwili, katika nyumba mbili zenye skrini mbali mbali, huwa na mgojwa tofauti: katika ile yenye skrini ndogo hungojewa kichakataji, na katika ile yenye skrini kubwa hungojewa kadi.

Lisilobadilika ni kwamba picha hutoka kwa mwendo wa aliye mzito kati ya hao wawili. Naye mzito hutambulikana kwa jaribio lisilo na gharama: mchezo wenyewe upunguziwe nukta za skrini. Picha zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikingojewa. Zisipoongezeka, ni kichakataji. Mnunuzi wa P166+ hakuwa na njia ya kulijua hilo dukani, maana alichoonyeshwa ni namba iliyotokana na kazi asiyokusudia kuifanya. Wa leo anayo, kama ataupima mchezo wake mwenyewe kabla ya kutoa fedha.