Kulizuru Jiji na Kuwakumbuka Waliolibeba

Wahenga walisema tembea uone. Katika miaka niliyofundisha walimu wanafunzi chuoni, na baadaye nilipokuwa mwalimu mkuu, nilitambua kwamba sehemu ya kwanza ya usemi huo haina taabu; ya pili ndiyo ngumu. Kila siku watu huingia Dar es Salaam kutoka mikoani. Wengine huenda kwa matibabu, wengine kwa biashara, wengine kwa harusi za ndugu zao. Wakirudi, ukiwauliza wameona nini, watakutajia maghorofa, foleni za magari na bahari. Hayo yote yapo, wala si vibaya kuyatazama. Lakini jiji lililoanza katika miaka ya 1860, na ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, lina mengi zaidi ya kumwambia mgeni aliye tayari kusikiliza.

Katika insha hii nataka kumwongoza msomaji azuru sehemu ya kale ya jiji hilo kwa siku moja, kwa miguu, toka Kivukoni hadi Kariakoo. Ni mwendo usiofika kilomita nne. Sharti langu ni moja tu. Kila tutakaposimama mbele ya jengo au mnara, tusiishie kuuliza nani aliamuru ujengwe. Tuulize pia nani aliubeba.

Inafaa kufika mapema, kabla jua halijawa kali. Mgeni aweza kupanda basi la mwendokasi, usafiri ulioanza mwaka 2016, na kushuka Kivukoni. Hapo karibu lipo soko la samaki ambalo wenyeji huliita Feri. Alfajiri huwa na mnada, na mchuuzi asiyejua kuhesabu upesi haendi mbali. Atazame vilevile pantoni inavyovusha watu kwenda Kigamboni na kurudi. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini maelfu bado huvuka kwa maji kama walivyovuka wazazi wao. Ikulu iko jirani, kwa hiyo kamera na simu zibaki mfukoni.

Kabla ya mji kuwapo, hapa palikuwa na kijiji cha Mzizima, makao ya wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliipenda bandari hii iliyojikunja kama mfuko, akaanza kujenga mji katika miaka ya 1860, ukaitwa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuujali sana, na majengo mengi yakaachwa yaanguke. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Kutoka Kivukoni tufuate ufuo wa bandari kuelekea magharibi. Tutalipita kanisa la Kilutheri la Azania Front na, mbele yake, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Yote mawili yalikamilika mwaka 1902. Mgeni akiruhusiwa kuingia, avue kofia, aketi kidogo, apumzike. Kisha katika barabara ya Sokoine azitafute nyumba mbili za enzi ya Majid. Ya kwanza ni Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ili kupokea wageni wa Sultani. Kuta zake ni nene, na ndani mna ubaridi hata saa saba mchana. Ya pili huitwa Nyumba ya Atiman.

Katika nyumba hii ya pili nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha akatumwa Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Huko aliwatibu watu kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Leo nyumba iliyojengwa kwa amri ya mtawala, katika zama ambazo watu walikuwa bado wanauzwa pwani hii, inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Niliwaambia wanafunzi wangu mara nyingi: kuta hizi zilijengwa na wengi tusiowajua, lakini jina hili moja tunalijua. Tulishike.

Tukiiacha bandari na kupanda hadi barabara ya Samora, tutaukuta Mnara wa Askari, umezungukwa na magari pande zote. Watu huupita kila siku bila kuinua macho. Ulizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokuwa upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa shaba amesimama juu ya jukwaa, bunduki mkononi, ameielekeza upande wa bandari. Kabla ya vita hivyo Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji huu sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyouvunja upinzani wa Abushiri mwaka 1889. Katika sanamu hiyo Mzungu alikuwa juu na askari Mwafrika chini, miguuni pake. Waingereza waliutwaa mji mwezi Septemba 1916 na kuiondoa. Iliishia Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha mwaka 1968.

Basi Mwafrika alipanda kutoka chini hadi juu. Lakini siku moja, nikiwa na kundi la walimu wanafunzi, binti mmoja aliinama akasoma maandishi yaliyo kwenye jukwaa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Aliona kwamba yanawataja pia wapagazi. Akauliza, "Mwalimu, mbona mpagazi hakupandishwa pale juu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao.

Alichukuliwa kwetu Uluguru mwaka 1917, wakati Waingereza walipokusanya wanaume kwa wingi ili wawabebee majeshi yao chakula na risasi. Nchi haikuwa na barabara za kutosha, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, na kila kitu kikawekwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Babu alirudi. Alikuwa na kovu begani, na hakupenda kulieleza. Sisi wajukuu tulipomsumbua alisema tu, "Tulibeba." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nilimjibu yule binti kwamba ukumbusho wa mpagazi upo, na kwamba tungeukuta mbele ya safari. Nitaeleza tukifika.

Kutoka hapo tuifuate barabara ya Samora, ambayo zamani za Mwingereza iliitwa Acacia Avenue, hadi kwenye Mnara wa Saa. Mnara huu unakumbusha mji kupewa hadhi ya jiji mwezi Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Hapa tumeingia Uhindini. Mgeni apunguze mwendo na kuinua kichwa. Juu ya baadhi ya nyumba za zamani ataona jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa vimechongwa ukutani. Chini maduka, juu makazi, na roshani ambako familia zilipunga upepo jioni. Nyumba hizi zinapungua. Baadhi zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa ya vioo. Sisemi jiji lisijenge, kwa kuwa watu wanahitaji mahali pa kuishi na pa kufanyia kazi. Nasema tu kwamba nyumba ikivunjwa kabla mtu yeyote hajaandika habari zake, mtoto wa kesho hatajua hata la kuuliza.

Halafu ghafla nyumba zinakoma, na mbele yetu kuna uwazi wenye miti. Hapa ni Mnazi Mmoja. Mgeni atadhani ni bustani tu. Kumbe ni mahali pa kusomea historia kuliko pengine pote katika mwendo wetu.

Tangu enzi ya Wajerumani mji huu ulipangwa kwa sehemu. Kanuni za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba iliyoruhusiwa katika kila sehemu. Lakini kwa kuwa aliyeweza kujenga nyumba ya namna ile alijulikana, matokeo yalikuwa yaleyale: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma. Waingereza waliuendeleza mpango huo, na kati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha eneo wazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, yaani kuzuia malaria na maradhi mengine yasivuke. Kwa maneno mengine, uwanja huu ulikusudiwa kuwatenga watu.

Lakini uwanja mtupu una hatari moja kwa mtawala: watu wataujaza. Jirani, katika mtaa ulioitwa New Street na ambao sasa ni Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Jengo la awali limeondoka na jingine limesimama mahali pake. Katika miaka iliyofuata chama hicho kilifanya mikutano yake ya hadhara hapa Mnazi Mmoja na kule Jangwani. Makuli wa bandari, mama ntilie, makarani na walimu walisimama pamoja katika ardhi iliyotengwa ili wasikaribiane na wengine. Leo upo hapo Mnara wa Uhuru wenye mwenge. Mgeni akae chini ya mti, anywe kahawa au maji ya dafu, awatazame wapita njia. Wanatoka upande mmoja kwenda mwingine, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Tukivuka uwanja huo tumeingia Kariakoo. Hapa ndipo nilipomjibu yule binti. Jeshi la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na wapagazi hao walipiga kambi mahali hapa baada ya mji kutekwa. Jina likapita katika vinywa vya Waswahili, likalainika, likawa Kariakoo. Hakuna sanamu, hakuna shaba. Ila kila konda anayeita abiria, kila mama anayetafuta khanga ya bei nafuu, na kila kijana anayeuza viatu njiani hulitaja jina la wapagazi pasipo kujua. Askari alipewa mnara mmoja na magari yanauzunguka. Mpagazi alipewa mji mzima unaomtaja. Sijui ni yupi aliyepata zaidi.

Mgeni asiende Kariakoo kununua tu. Alitazame jengo la soko lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege linalofanana na miavuli iliyopangwa. Liliungua Julai 2021, na matengenezo makubwa yakafuata. Atembee katika mitaa ya Kongo, Swahili, Sikukuu na Nyamwezi, aangalie kama bado ataona nyumba ya Kiswahili ya zamani, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kila upande na uani nyuma. Zamani ndizo zilizojaza mitaa hii, nazo sasa ni chache. Akiwa mpenzi wa soka, asisahau kwamba Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zina makao yao Jangwani na Msimbazi, hapahapa jirani. Kisha ale pilau au wali kwa maharage katika mgahawa wowote wenye watu wengi, maana wingi wa walaji ndio ushahidi wa mpishi.

Mwenye siku ya pili aende Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, akaone habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, na bustani ya mimea iliyo jirani. Aende pia Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, akaone nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Lakini ninashauri atembee kwanza toka Kivukoni hadi Kariakoo. Makumbusho yana vitu vilivyochaguliwa na wataalamu. Mtaani utaona na vile ambavyo hakuna aliyevichagua.

Serikali imehamia Dodoma, na reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inawafikisha watu huko kwa saa chache. Wapo wanaosema kwamba sasa Dar es Salaam itapungukiwa. Sioni hivyo. Mji huu uliachwa na Barghash, ukatwaliwa na Wajerumani na kisha Waingereza, na kila aliyekuja alidhani ni wake. Waliobaki ni wale waliobeba mawe, magunia na samaki, na wajukuu wao.

Kwa hiyo, mzazi utakayempeleka mwanao jijini likizo ijayo, mwoneshe bahari na mnunulie ashikrimu. Kisha mshike mkono uvuke naye Mnazi Mmoja taratibu, na mkifika Kariakoo mwulize kama anajua maana ya jina hilo. Ikiwa hajui, mweleze palepale, katikati ya makelele. Itakuchukua dakika mbili.