Mangwe, Kilabu na Baa: Historia Fupi ya Majina ya Mahali pa Unywaji Nchini Kenya

Ni rahisi kwa msomaji wa riwaya za Afrika Mashariki kuyachukulia maneno mangwe, kilabu na baa kuwa ni visawe vinavyotofautiana kwa ladha tu. Makala haya yanadai vinginevyo. Kila jina kati ya haya lilizaliwa katika mazingira mahususi ya kihistoria, nalo limehifadhi kumbukumbu ya swali moja: ni nani aliyeruhusiwa kuketi, akanywa nini, na kwa idhini ya nani?

Kabla ya ukoloni, unywaji katika jamii nyingi haukuhitaji jengo lenye jina lake. Muratina ya Wagikuyu na busaa ya Waluhya zilinywewa nyumbani kwa aliyezipika, na aghalabu kwa sababu maalumu: mahari, upatanisho, mavuno au maziko. Miongoni mwa Wamijikenda, kadzama ya tembo la mnazi ilikuwa, na ingali, sehemu ya maongezi ya posa. Lugha nayo iliridhika na kiambishi cha mahali: watu walikwenda pombeni au temboni, yaani kinywaji ndicho kilichopatia mahali jina. Mangwe, neno la pwani kwa mahali panapouzwa tembo, linaonyesha hatua iliyofuata. Tembo hapa limekuwa bidhaa, na mgema, ambaye methali inatuonya tusimsifu kupita kiasi, ana wateja badala ya wageni. Hata hivyo, mangwe hubakia karibu na mnazi wenyewe: kivuli, kata na mazungumzo vyatosha.

Ukoloni ulileta mantiki tofauti. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kuzuia pombe kali za kukeneka zisiwafikie wenyeji katika eneo kubwa la Afrika. Pombe za kienyeji nazo ziliwekewa sheria na leseni. Mapema katika miaka ya 1920, utawala wa mji wa Nairobi ulijipatia ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya Waafrika Pumwani, kwa kufuata mfano wa Durban, ambako utaratibu kama huo uliasisiwa kwa sheria ya 1908. Mapato yalitumiwa kugharimia huduma za Waafrika wenyewe. Kwa maneno mengine, mnywaji alilipia kwa bilauri yake huduma ambazo serikali ilipaswa kumpa kwa kodi yake. Wakati huo huo, mwanamke wa Majengo aliyepika pombe chumbani mwake akawa mhalifu.

Ni katika muktadha huu ambapo historia ya neno kilabu inavutia. Katika Kiingereza cha walowezi, asili ya neno hili ilikuwa chama cha wanachama teule. Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, ilikuwa ngome ya Wazungu, na Mwafrika aliingia humo akiwa mtumishi. Neno lilipotoka nje ya lango hilo, lilifanyiwa mambo mawili. Kwanza, irabu i iliingizwa kati ya konsonanti mbili za mwanzo ili kuafiki silabi za Kiswahili. Pili, silabi ki- iliyotokea ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, ukapatikana wingi vilabu, kama kitabu na vitabu. Jina la mahali pa wachache likageuka kuwa jina la banda la busaa, ambamo yeyote mwenye senti chache angeingia. Kejeli hii haikubuniwa na mwandishi yeyote. Ni kazi ya wasemaji wenyewe.

Baa lina hadhi nyingine. Lilienea hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika waliporuhusiwa kununua bia za chupa, nalo likawa alama ya mshahara na usasa. Kisadfa, Kiswahili kilikuwa tayari na baa lenye maana ya janga. Upatanisho wa kisarufi huyatenganisha, baa hii na baa hili, lakini wahubiri na watani hawakosi kuyakutanisha. Mkahawa, kwa upande mwingine, una shina la kahawa, kinywaji cha jamii ya Kiislamu ya pwani. Siku hizi watu huenda huko zaidi kwa chakula, na kahawa imebaki katika jina.

Pana pia mahali pasipo jina. Sheria ya 1980 iliharamisha chang'aa nchini Kenya, na marufuku hiyo ikadumu hadi sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010. Nyumba zilizouza kinywaji hicho hazikuwa na kibao. Ziliitwa kwa kihusishi tu: kwa Mama fulani. Hapa jina la mpishi, ambalo leseni ya kikoloni ililifuta, linarudi kwa mlango wa nyuma.

Tofauti hizi zina uzito katika uhakiki. Katika Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, theng'eta inaanza ikiwa kinywaji cha kushirikiana kijijini Ilmorog, kisha haki ya kuipika inawatoka mikononi Wanja na Abdulla na kuishia kwa wenye mtaji. Mfasiri atakayeita kila mahali pa unywaji humo baa atakuwa amefuta mwendo wote huo kwa neno moja. Mhakiki vilevile: kabla ya kuuliza wahusika wanalewa nini, sharti aulize mahali walipoketi panaitwaje, na nani alipapa jina hilo.