Semina ya Malinowski

Miaka ya 1930, pale London School of Economics, wanafunzi wa anthropolojia hawakuachwa wapambane na tasnifu zao peke yao. Katika semina ya Bronisław Malinowski, mwanafunzi alisoma makala yake mbele ya wenzake, kisha hoja zikachambuliwa hadharani.

Jomo Kenyatta alipitia humo. Aliwasilisha makala juu ya mila za Wagikuyu, watu wake mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo kubwa: Mwafrika kuwaeleza wasomi wa Ulaya habari za kwao. Bila wasikilizaji makini, pengine kazi ile ingebaki rundo la karatasi.

Mwaka 1938 kazi hiyo ilichapishwa kuwa kitabu, Facing Mount Kenya. Dibaji aliiandika msimamizi wake, Malinowski.