Maji Yanayochemka na Swali la Mto Wetu

Sisi tukaao Kisangani twauona mto kila siku, wala hakuna mtoto asiyejua jina lake. Lakini miaka 150 iliyopita wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu yake. Mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, katika nchi ya Maniema, akakaa miezi kadhaa kando ya Lualaba. Aliona mto mpana unaoelekea kaskazini, akatumaini kwamba ndio mwanzo wa Nile. Hata hivyo moyo wake haukutulia, kwa maana aliogopa kwamba huenda mto huo unageuka magharibi na kuwa Kongo. Akafa mwaka 1873 bila kupata jibu. Kumbe sehemu moja ya jibu ilikuwa katika maji yanayochemka!

Msomaji asicheke. Ili tufahamu jambo hilo, yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo kinywani twayaita kwa jina moja la joto.

Chukua kijiko kimoja cha maji yanayochemka, na pipa zima la maji ya vuguvugu. Kijiko kitakuunguza kidole, pipa halitakuunguza. Ila ukitaka kuipasha moto nyumba yenye baridi, kijiko hakifai kitu, na pipa lafaa. Basi kijiko kinashinda kwa ukali wa joto, na pipa linashinda kwa wingi wa joto. Kipima-joto hupima ukali tu, wingi hakiujui. Aliyefundisha wazi tofauti hiyo ni Joseph Black, mwalimu wa Scotland, katika miaka ya 1760 hivi.

Na mkono wetu je? Mkono ni shahidi mbaya. Asubuhi shika jembe lililolala kivulini: chuma ni baridi, mpini si baridi sana. Lakini vyote viwili vimelala mahali pamoja usiku kucha, na ukali wao wa joto ni mmoja. Chuma chavuta upesi joto la mkono wako, mti wavuta polepole. Ndiyo sababu unadanganyika. Kwa hiyo watu walitafuta shahidi asiyedanganyika.

Mwishoni mwa karne ya 16 Galileo alitengeneza chombo cha kioo ambamo maji yalipanda na kushuka kwa kadiri ya joto. Kilikuwa kitu cha kustaajabisha, lakini hakikuwa na alama za hesabu zilizokubaliwa na wote, tena kilibadilika hata kwa uzito wa hewa. Mwaka 1654 mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili, alipeleka vipima-joto vya kileo, vilivyofungwa vizuri, katika miji mbalimbali, ili joto liandikwe kila siku. Na wapimaji walikuwa nani? Wengi wao walikuwa watawa. Kazi hiyo iliongozwa na Padre Luigi Antinori, Mjesuiti, na katika monasteri ya Vallombrosa, juu milimani, wamonaki waliandika vipimo vyao kwa bidii. Twapenda kuwakumbusha jambo hilo wale wasemao kwamba watu wa sala hawana haja na elimu ya viumbe.

Baadaye alikuja Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, aliyetumia zebaki na kutangaza vipimo vyake mwaka 1724: kwake maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Mwaka 1742 Celsius wa Uppsala, nchi ya Sweden, akaweka digrii 100 kati ya hatua hizo mbili. Cha ajabu, yeye aliandika 0 penye kuchemka na 100 penye kuganda! Wenzake wakapindua hesabu muda mfupi baadaye, na ndivyo tunavyohesabu leo.

Sasa twaweza kurudi mtoni. Mama yeyote ajua kwamba maji yakisha kuchemka, hata ukiongeza kuni, hayazidi kuwa ya moto. Joto unaloongeza lachukuliwa lote na mvuke. (Basi sombe ikianza kuchemka, punguza makaa, itaiva vilevile, nawe utabakiwa na akiba.) Ukali wa joto wa maji yanayochemka hukaa palepale. Lakini hukaa wapi? Pwani, kwenye digrii 100. Ukipanda juu, hewa inayoyakandamiza maji yapungua, nayo maji yachemka upesi zaidi: kwa kila mita 300 hivi yapungua karibu digrii moja. Kisangani yachemka kwenye 98 na nusu hivi, Bukavu kwenye 95. Ndiyo maana maharagwe ya Bukavu yachelewa kuiva, wala si kosa la mpishi.

Ukigeuza hesabu hiyo, unapata njia ya kupima kimo cha nchi. Msafiri achemsha maji, atia kipima-joto, asoma digrii, na kutoka hapo ajua yuko mita ngapi juu ya bahari. Livingstone alifanya hivyo safarini, na Stanley pia. Tena mto haupandi mlima. Kama Lualaba ulikuwa chini kuliko Nile pale Gondokoro, karibu na Juba ya leo, basi haungeweza kuwa Nile.

Mwaka 1874 Cameron alifika Nyangwe na vyombo vyake vya kupimia kimo, akatangaza kwamba Lualaba uko chini ya Gondokoro. Pia aliona kwamba maji yake ni mengi kupita kiasi kuwa ya Nile. Neno lake la mwisho lilikuwa kweli, lakini kipimo chake cha kimo hakikuwa kamili: leo twajua kwamba mto pale Nyangwe uko juu kuliko alivyodhani. Hapa kwetu, chini ya maporomoko ya Boyoma, ndipo pasipo shaka, kwa kuwa mto uko chini ya mita 400, na Nile pale Juba umepita mita 450. Tofauti hiyo haifiki mita 100. Kwa kipima-joto ni kama robo ya digrii, au theluthi: unywele mmoja wa zebaki! Kioo kilichotikiswa njiani miezi mingi, na macho ya mtu mwenye homa, vyaweza kukosa kiasi hicho kwa urahisi. Stanley alipita hapa Januari 1877, kwa vita vingi na damu ya watu wa mtoni, na swali likaisha kabisa alipofika Boma Agosti ya mwaka uleule.

Mapadre wa Moyo Mtakatifu walipokuja na Padre Gabriel Grison mwaka 1897, wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, kipima-joto kilikuwa tayari chombo cha mganga. Wunderlich, daktari wa Leipzig, alikuwa amekwisha kutangaza mwaka 1868 kwamba mwili mzima hukaa karibu na digrii 37. Hapa robo ya digrii haina neno, ila digrii mbili zina neno kubwa. Mama akigusa paji la uso la mtoto kwa mkono uliotoka kufua nguo katika maji baridi, ataona homa pasipo homa; akiligusa kwa mkono uliotoka jikoni, homa yenyewe itampita. Katika nchi yetu ya malaria mtoto haachwi kwa ushahidi wa mkono. Apimwe, na ikiwa kipima-joto chaonyesha 38 au zaidi, apelekwe zahanati siku hiyohiyo, apimwe na damu.