Droni za bei nafuu vitani: Uwezo wake na mipaka yake

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kikamilifu Februari 24, 2022, ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo raia walizinunua madukani kwa ajili ya kupiga picha za harusi na mandhari, zimekuwa silaha ya kila siku ya pande zote mbili. Hata hivyo, vita hivyo vimedhihirisha pia mipaka yake.

Droni iliyotumika sana tangu mwanzo ni Mavic, inayotengenezwa na kampuni ya DJI ya China. Aprili 2022, DJI ilitangaza kusitisha kwa muda biashara zake nchini Urusi na Ukraine, lakini droni hizo ziliendelea kufika vitani kupitia wauzaji wengine na michango ya raia.

Kikwazo cha kwanza ni betri. Kwa mujibu wa mtengenezaji, Mavic 3 huweza kuruka hadi dakika 46, tena pasipo na upepo. Droni za kushambulia, ambazo mwongozaji huzirusha akitazama picha za kamera kupitia miwani maalumu, huruka kwa muda mfupi zaidi kwa kuwa hubeba kilipuzi. Baridi kali hudhoofisha betri, nazo mvua na ukungu huipofusha kamera.

Kikwazo cha pili ni mawasiliano. Droni nyingi huongozwa kwa mawimbi ya redio, na adui mwenye mitambo ya kuyavuruga huweza kuziangusha au kuzipoteza njia. Mwezi Mei 2023, taasisi ya utafiti wa kijeshi ya RUSI yenye makao yake London ilikadiria kuwa Ukraine ilikuwa ikipoteza droni zipatazo 10,000 kila mwezi. Ripoti yake ya Februari 2025 ilieleza kuwa kati ya asilimia 60 na 80 ya droni za kushambulia za Ukraine hazifikii shabaha. Pamoja na hayo, ripoti hiyo hiyo ilizihesabia droni zaidi ya nusu ya zana za Urusi zilizoharibiwa. Nguvu yake, basi, imo katika wingi.

Ili kukwepa uvurugaji huo, majeshi yote mawili yamegeukia droni zinazovuta nyuma yake uzi mwembamba wa faiba. Mawasiliano yake hayavurugwi, lakini bobina ya uzi huongeza uzito, na uzi wenyewe huweza kunasa mitini au kukatika.

Aidha, droni haiwezi kulishikilia eneo lililotekwa. Kazi hiyo bado ni ya askari wa miguu, nayo mizinga ingali inahitajika siku ambazo droni haziwezi kuruka.

Mipaka hiyo, hata hivyo, si kinga kwa raia. Mji wa Kherson umetenganishwa na majeshi ya Urusi kwa mto Dnipro tu. Mei 2025, Tume Huru ya Kimataifa ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Ukraine ilisema kuwa mauaji ya raia yaliyofanywa kwa droni za Urusi katika eneo hilo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Urusi inakanusha kuwalenga raia. Droni hizo haziwezi kwenda mbali, lakini nyumba, masoko na vituo vya mabasi vya Kherson vimo ndani ya umbali wake.